Huey Long wa Louisiana: aliendeshaje jimbo wakati ugavana keshauacha?

Mdadisi_wa_Jioni

Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa kitu maana kimenikaa kichwani. Nimekuwa nasoma habari za Huey Long aliyekuwa gavana wa Louisiana kule Marekani. Aliapishwa 1928, akatoka Januari 1932 kwenda kuwa seneta Washington. Sasa mbona nikisoma matukio ya 1934 na 1935 naona yeye ndo anaamua kila kitu kule Louisiana, bunge la jimbo linakutana akitaka yeye, wanajeshi wa jimbo wanaingia New Orleans akitaka yeye, watu wanafukuzwa kazi akitaka yeye, na hata siku anapigwa risasi Septemba 1935 alikuwa ndani ya jengo la bunge la jimbo pale Baton Rouge, sio Washington?? Si gavana alikuwa O.K. Allen? Mtu anakuwaje seneta wa taifa huku anaendesha jimbo kama duka la babake?

Na swali la pili, wale waliomuunga mkono walimuogopa au walimpenda kweli? Tafadhali msinijibu "alikuwa dikteta" mkaishia hapo, mimi nataka kujua mashine yenyewe ilikuwa inazungukaje.

Kalamu_Nyeusi

Mkuu, kisheria hakuwa na kitu. Seneta wa Washington hana mamlaka hata ya kuajiri mfagizi wa ofisi ya jimbo. Ila kuelewa inabidi urudi 1929, hapo ndo jamaa alipopata akili mpya.

Alipoapishwa Mei 1928 alikuwa na miaka 34. Wakubwa wa zamani wa Louisiana, yaani wenye mashamba makubwa, lile genge la wanasiasa wa New Orleans, na Standard Oil waliokuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta pale pale Baton Rouge, walimuona mshamba wa kupita tu. Machi 1929 akaitisha kikao maalum ili ipite kodi ya senti 5 kwa kila pipa la mafuta yanayosafishwa. Weee! Wabunge wakageuza kibao, badala ya kujadili kodi wakaanza kumuandalia mashtaka ya kumng'oa: rushwa, kuchezea fedha za jimbo, kutisha watu, mpaka eti alipanga mbunge mmoja auawe. Jumatatu ya tarehe 25 spika ambaye ni mtu wake akajaribu kufunga kikao kiujanja, ubao wa kura unaonyesha wengi wamekubali kuahirisha na watu wanapiga kelele kwamba wao wamebonyeza hapana, basi ikawa ngumi mkononi, watu wanaruka juu ya madawati, mbunge mmoja akapasuka kipaji cha uso damu zikamtoka. Ndo maana siku ile inaitwa Jumatatu ya Damu.

Baraza la wawakilishi likapitisha mashtaka, kesi ikapelekwa seneti ya jimbo. Maseneta walikuwa 39, kumtia hatiani inatakiwa theluthi mbili, yaani 26. Long akazunguka usiku na mchana akapata maseneta 15 wakasaini karatasi moja kwamba hawatapiga kura ya kumtoa hata uletwe ushahidi gani, hoja yao eti mashtaka yenyewe si halali. Sasa 39 toa 15 inabaki 24. Kesi ikafia mlangoni. Na wale 15 hawakusahaulika, vyeo na neema nyingine ziliwafuata.

Kuanzia hapo akaacha kubembeleza mtu. Kazi zote za jimbo, kuanzia wakuu wa idara mpaka kibarua wa barabarani, zikawa za watu wake. Ukimpinga, shemeji yako aliyeajiriwa idara ya barabara kesho hana kazi. Wafanyakazi wa jimbo walikuwa wanakatwa mishahara, kati ya asilimia 5 na 10, hela taslimu inaingia kwenye sanduku la kampeni. Sanduku lenyewe alipokufa halikuonekana tena.

Kwa hiyo swali lako la sheria ni sawa, ila nguvu yake haikukaa kwenye cheo. Ilikaa kwenye ajira.

Pwaguzi77

Na hapo hujamgusa Cyr 😂😂 ile ndo sehemu tamu ya mkasa wote

Kalamu_Nyeusi

Haha haya mkuu. Long alichaguliwa useneta Novemba 1930 huku muhula wa ugavana bado haujaisha. Tatizo, naibu wake Paul Cyr, daktari wa meno, walikuwa wameshakosana vibaya. Long akiondoka Cyr anakuwa gavana na kila kitu kinabomoka. Alichofanya, kile kiti cha Washington akakiacha wazi zaidi ya miezi kumi! Akagoma kwenda kuapa. Watu wakimuuliza anajibu kwamba kiti hicho hata aliyekuwepo alikuwa hafanyi kitu, kwa hiyo hakuna kilichopungua.

Oktoba 1931 Cyr akachoka kusubiri, akaapa mwenyewe kwamba yeye ndo gavana. Long akaweka wanajeshi wa jimbo kulinda jengo la serikali na nyumba ya gavana, halafu akasema sawa, kama Cyr kaapa ugavana ambao si wake basi unaibu gavana kaachia mwenyewe. Mahakama haikumsaidia Cyr. Nafasi ya naibu ikaenda kwa rais wa seneti ya jimbo, Alvin King, mtu wa Long. Long akapanda treni kwenda Washington Januari 1932 kwa raha zake, King akashika miezi michache mpaka O.K. Allen aliyeshinda uchaguzi alipoapishwa. Allen walitoka naye mji mmoja, Winnfield, wanajuana toka zamani. Earl, mdogo wake Long, ndo aliyekuwa akisimulia kwamba siku moja upepo ulipeperusha jani likaingia dirishani likatua mezani kwa Allen, na Allen akalisaini.

Mdadisi_wa_Jioni

Daah 😂 jani! Nimekuelewa sasa upande wa madaraka. Ila bado swali la pili wakuu. Mashine ya kutisha watu naiona, mbona kura alikuwa anazipata kwa wingi hivyo?

dada_wa_maktaba

Hapo niachieni mimi kaka zangu, maana mkisimulia mnasimulia vitimbi tu.

Mdadisi, jiulize Louisiana ya 1928 ilikuwaje. Jimbo zima lilikuwa na kama maili 300 tu za lami. Nchi ya mito na vinamasi ile, mvua ikinyesha mkulima wa kaskazini amekwama na pamba yake, mto Mississippi unavuka kwa pantoni. Watu wazima wasiojua kusoma walikuwa wengi mno. Vitabu vya shule kila mzazi anajinunulia, kama huna hela mtoto anakaa nyumbani au anachungulia cha mwenzie.

Huyu mtu mwenyewe katoka Winn, kaunti ya watu wa kawaida wenye mashamba madogo, watu wabishi kweli kweli. Alizaliwa 1893 kwenye familia ya watoto tisa. Shule ya sekondari hakumaliza vizuri, akaingia kazi ya kutembeza bidhaa nyumba kwa nyumba, moja ilikuwa mafuta ya kupikia yaliyotokana na mbegu za pamba. Kampuni ilimfanya aandae mashindano ya kuoka keki ili kutangaza yale mafuta, na kwenye shindano la Shreveport ndo akakutana na Rose McConnell aliyekuja kuwa mkewe, wakaoana 1913. Mnacheka lakini hiyo kazi ndo ilimfundisha siasa. Alikuwa ameshakaa jikoni kwa watu, anajua mama wa kijijini analalamika nini na baba anadaiwa na nani. Halafu akasoma sheria chuo kikuu cha Tulane kama mwaka mmoja hivi, akaomba apewe mtihani wa uwakili mapema, akafaulu 1915. Akiwa na miaka 25 tu akachaguliwa kwenye tume ya reli ya jimbo, iliyokuwa inasimamia pia simu na mabomba ya mafuta. Kampuni ya simu ilipopandisha bei akaipeleka mahakamani mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda, wateja wakarudishiwa hela zao. Jaji mkuu Taft mwenyewe alimsifia. Hebu fikiria wewe ni mkulima halafu cheki ya kurudishiwa hela za simu inakufikia kwa posta, utamsahau huyo mtu?

Kwenye ugavana akaleta vitabu vya bure. Na aliviweka kwa watoto, hakuviweka kwa shule, ili na watoto wa shule za Wakatoliki wapate, maana kusini ya Louisiana ni Wakatoliki watupu na kaskazini Waprotestanti. Wapinzani wakaenda mahakamani wakidai ni kutumia fedha za umma kwa dini, Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia 1930. Akaleta shule za usiku za watu wazima, zaidi ya watu laki moja walipita. Barabara maelfu ya maili, madaraja zaidi ya 100. Pale ziwa Pontchartrain watu binafsi walikuwa na daraja lao la kulipia, yeye akaweka madaraja ya bure karibu yake. Chuo kikuu cha jimbo, LSU, akakipa shule ya udaktari 1931. Mwaka 1934 ikafutwa ile kodi ya dola moja kwa mwaka uliyotakiwa kulipa kabla ya kuruhusiwa kupiga kura, na wazungu maskini wakaingia kwenye daftari la wapiga kura kwa wingi ambao haujawahi kuonekana.

Kwa hiyo kura zile nyingi zilikuwa za halali kabisa.

Jicho_la_Tai

Dada heshima yako, ila hela zilitoka wapi? Mikopo. Jimbo lilikopa kwa hati za dhamana mpaka basi. Na kandarasi ngapi zilienda kwa marafiki? Mwaka 1934 watu wake wa karibu walifungua kampuni ya mafuta iitwayo Win or Lose, wakapewa na serikali ya Allen haki za kuchimba kwenye ardhi ya jimbo, kisha wao wakaziuza kwa makampuni makubwa kwa faida. Long mwenyewe alikuwa na hisa humo. Yule yule aliyekuwa anawatukana matajiri wa mafuta majukwaani!

Na hiyo 1934-35 anayoulizia Mdadisi ndo hasa pa kukaa. Ule ulikuwa mfululizo wa vikao maalum vya bunge la jimbo. Allen anaitisha, Long anafika kutoka Washington, anaingia ukumbini ambako hana kiti wala kura, anatembea kati ya madawati, anaingia kwenye kamati anaeleza miswada yeye mwenyewe, "huu unahusu hiki, huu unahusu kile", mikono inanyooshwa, umepita, unaofuata. Wabunge wengine wanasaini hata hawajasoma. Kwa njia hiyo jimbo likachukua uteuzi wa walimu, likachukua maafisa wa kusimamia uchaguzi, likachukua polisi na zimamoto wa miji, kodi za New Orleans zikabanwa mpaka meya Walmsley akabaki meya wa jina. Kabla ya mchujo wa 1934, yaani uchaguzi wa ndani wa chama kupata wagombea, wanajeshi wenye bunduki waliikalia ofisi ya kuandikisha wapiga kura ya New Orleans, ng'ambo ya barabara tu kutoka ofisi ya meya, na meya naye akajaza polisi wake upande wake. Wakatazamana hivyo. Bahati tu hakuna aliyebonyeza kitufe.

Mtu unaweza kumpa sifa za vitabu na bado ukasema hapo kulikuwa hakuna tena serikali ya jimbo, kulikuwa na mtu mmoja.

dada_wa_maktaba

Sijakataa. Ila wale waliomtangulia nao walitawala kwa genge, tena wao bila vitabu.

Pwaguzi77

Mnaongea siasa nzito mmesahau pajama 😂 1930 manowari ya Wajerumani ilitia nanga New Orleans wakati wa sherehe za kanivali ya Mardi Gras, kamanda wake na balozi mdogo wa Ujerumani wakaenda hotelini kumsalimia gavana kwa heshima zote, sare na medali kifuani, jamaa akawapokea kavaa pajama za hariri za kijani na joho juu. Wajerumani wakanuna wakadai ni tusi kwa taifa lao. Kesho yake Long akaazima suti rasmi huku na kule akapanda melini kuomba radhi. Magazeti ya nchi nzima yaliandika. Na aligundua hapo kwamba kituko kinakupeleka ukurasa wa mbele bure kuliko hotuba, toka siku hiyo hakuacha.

Kule seneti pia, Juni 1935 alisimama anaongea masaa 15 na nusu kukwamisha muswada, hoja zilipoisha akaanza kuelekeza namna ya kukaanga chaza na kupika mchuzi wa mboga za majani. Kilichomkalisha chini ni haja ya kwenda chooni, alfajiri.

Mdadisi_wa_Jioni

Aisee huyu mtu 😂 Sasa wakuu kuna jambo halijaguswa. Louisiana ni kusini, miaka ya 1930, ubaguzi umetamalaki. Watu weusi walipata nini kwenye haya yote?

Kalamu_Nyeusi

Walipata mabaki, lakini mabaki yaliyokuwa makubwa kuliko ya majirani. Vitabu vya bure vilifika mpaka shule za weusi, madarasa ya usiku yalichukua weusi wengi. Kwenye majukwaa hakutegemea sana matusi ya rangi kama wanasiasa wenzake wa Mississippi au Georgia walivyozoea, ingawa aliyatumia yalipomfaa. Ila ubaguzi wenyewe hakuugusa. Ile kodi ya kura kufutwa iliwasaidia wazungu, maana mweusi bado alizuiwa kwa mitihani ya kusoma na kwa mchujo wa chama cha Demokrati ambao ulikuwa wa wazungu peke yao, na kule ukishinda mchujo wa Demokrati umeshashinda uchaguzi. Huo mchujo wa wazungu ulikuja kupigwa marufuku na Mahakama Kuu 1944, Long keshakufa.

Jicho_la_Tai

Hapa Kalamu yuko sahihi. Naongeza tu kwamba mpango wake wa kugawana utajiri aliouzindua Februari 1934, ule wa kila familia ipewe mtaji wa kama dola 5,000 na matajiri wawekewe kikomo, kwenye karatasi haukutenga rangi. Vilabu vyake vilikubali weusi pia, na waliobagua walikuwa wakimlalamikia kwa hilo. Ila hesabu ya mpango haikukaa sawa, mali nyingi za matajiri wale ni viwanda na reli, sio noti za kugawa. Kisiasa lakini ulimtisha rais Roosevelt mpaka watu wa chama wakafanya uchunguzi wa maoni kimya kimya 1935 wakaona Long akisimama urais kama mgombea wa tatu anaweza kuzoa kura milioni 3 hadi 4. Roosevelt alikuwa ameshaanza kumnyima nafasi za ajira za serikali kuu Louisiana akawapa maadui zake, na watu wa kodi wakatumwa kuchunguza kundi lake.

Mdadisi_wa_Jioni

Kwa hiyo kifo chake ni mkono wa Washington?

Kalamu_Nyeusi

Hapana mkuu, hakuna ushahidi wa hivyo. Ilikuwa Jumapili usiku, tarehe 8 Septemba 1935, kikao maalum kingine tena. Moja ya miswada ya usiku ule ilikuwa kuchora upya mipaka ya eneo la jaji Benjamin Pavy, mpinzani wa miaka mingi, ili asichaguliwe tena. Mkwe wa jaji huyo, Dk. Carl Weiss, kijana wa miaka 28, akamsubiri Long kwenye korido karibu na ofisi ya gavana. Maelezo rasmi ni kwamba alimpiga risasi moja ya tumboni kwa karibu. Mabodigadi wakammiminia Weiss risasi, zaidi ya 50, mwili ukachakaa kabisa. Familia ya Weiss na watafiti kadhaa wanasema daktari alirusha ngumi tu na Long aliuawa na risasi ya bodigadi wake mwenyewe iliyokwenda vibaya. Mwili wa Weiss ulifukuliwa 1991 ukachunguzwa lakini ubishi haukuisha. Long alishuka ngazi kwa miguu yake, akapelekwa hospitali kwa gari la mtu, akafanyiwa upasuaji, jeraha la figo halikuonekana mapema, akafa alfajiri ya tarehe 10. Miaka 42.

Kazikwa pale pale mbele ya jengo alilojenga mwenyewe, ghorofa 34, mpaka leo ndo jengo la bunge la jimbo refu kuliko yote Marekani. Waliokuja mazishini wanakadiriwa laki mbili, wengi walitembea kutoka vijijini.

Pwaguzi77

Na ile mashine baada ya hapo? Ilikufa naye?

Jicho_la_Tai

Wapi! Mkewe Rose akamalizia kiti chake cha seneti 1936. Gavana aliyefuata wa kundi lile, Richard Leche, akaiba bila hata kujificha, 1939 ikawa kashfa ya kitaifa, akajiuzulu akaishia jela, rais wa LSU naye jela, meneja wa hoteli aliyekuwa akishika hela za Long naye jela. Earl, yule wa hadithi ya jani, ndo akakalia ugavana Leche alipotoka, akaja kuchaguliwa tena 1948 na 1956, na 1959 akiwa gavana kabisa alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akatoka kwa kumfukuza kazi mkuu wa hospitali za jimbo akaweka mtu wake aliyemruhusu. Mtoto wa Huey, Russell, aliingia seneti ya Marekani mwisho wa 1948 akakaa mpaka Januari 1987, na alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha kwa miaka mingi. Huyo alitulia, wenye makampuni ya mafuta ambao baba yake alipigana nao yeye aliwalinda kwenye kodi.

Mdadisi_wa_Jioni

Hii ya Russell kuwalinda watu wa mafuta nitaifungulia uzi wake. Shukrani wakuu, na dada wa maktaba pia.